Idi Tuliyoitafuta Helsinki

Mke wangu alikubali kwenda Ulaya kwa sharti moja, na alilitoa akichambua mchele uani kwetu Rahaleo, mjini Mtwara, bila kuinua uso. Alisema hana haja ya kuona majumba wala magari. Alichotaka kujua ni kama Idi itamkuta huko, na kama itamkuta, ataiswali na nani.

Nikamwambia ataiswali na Waislamu wenzake, inshallah.

"Hiyo inshallah yako ni ya kweli," akauliza, "au ni ya fundi cherehani?"

Inshallah ya fundi cherehani kila mtu wa Mtwara anaijua. Unampelekea kitambaa mwezi wa Rajabu, anakuambia nguo itakuwa tayari kabla ya Idi, inshallah, na asubuhi ya Idi unakwenda msikitini na kanzu ya mwaka juzi. Nikamjibu kwamba yangu ni ya kweli. Habari za Waislamu wa Helsinki sikuwa nazo hata kidogo. Nilijua tu kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana na waja wake wametawanyika kila pembe, na juu ya msingi huo nikaweka ahadi.

Miaka ile nilikuwa fundi wa pampu katika mradi wa maji, mradi ulioletwa na Wafini katika mikoa yetu ya kusini. Anayeujua uwanda wa juu wa Makonde anajua kwamba kule hakuna mto. Akina mama walikuwa wakiteremka mabondeni kukiwa bado giza na kupanda tena na madebe kichwani wakati jua limeshakuwa kali, na maji yenyewe yakifika nyumbani yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Kazi yetu ilikuwa kuyapandisha maji yale kwa mashine. Mara nyingi nimejiuliza ni kazi gani ningeomba kama ningeulizwa kabla ya kuzaliwa, na sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Nilisoma chuoni Mikindani, nikahitimu, nikafundisha watoto juzuu, lakini thawabu ya bomba la kwanza lililotoa maji mbele ya macho yangu naitarajia zaidi kuliko ya miaka yangu yote ya ualimu.

Mhandisi wetu alikuwa Mfini mrefu, mpole, mwenye nyusi nyeupe. Kiswahili alijifunza kwa vibarua wa kuchimba visima, hao ni Wamakonde watupu, kwa hiyo alikisema kama wao. Asubuhi alikuwa akiingia karakana na kusema, "Habali za leo, fundi?" na wageni kutoka Dar es Salaam walidhani anatudhihaki. Hakuwa akidhihaki. Alidhani Kiswahili ndivyo kilivyo. Mwaka mmoja alishikwa na malaria akalala wiki nzima hajui mchana wala usiku, na mke wangu alikuwa akimpelekea uji wa mtama na kusimama mlangoni mpaka aumalize. Tangu hapo akamwita mama, ingawa walikuwa rika moja.

Ulipofika wakati wangu wa kupelekwa kwao kujifunza pampu mpya kiwandani, mhandisi alikuwa ameshamaliza mkataba na kurudi nyumbani. Akaleta habari kwamba fundi asije peke yake. Aje na mama, wote wafikie kwake, na siku za mapumziko watatembezwa mji mzima. Jirani zetu walifurahi kuliko sisi. Mmoja alimwambia mke wangu asisahau kurudi, mwingine akamwambia akirudi asije akaanza kula ugali wa muhogo kwa uma. Ilikuwa mwaka uliofuata vita vya Kagera, sabuni na sukari zilikuwa za kupanga foleni duka la ushirika, na mtu aliyekuwa anakwenda Ulaya alionekana kama anakwenda peponi kwa muda.

Lakini mke wangu aliitazama kalenda tu. Safari ilikuwa imeangukia mwezi wa Ramadhani.

Ni lazima nieleze Idi kwake ilikuwa nini, maana bila hilo haya mengine hayana maana. Kwao ni mdomoni mwa Ruvuma, kule ambako mto unaingia baharini katikati ya mikoko na ng'ambo ya pili ni Msumbiji. Mama yake alizaa mabinti wengi, na wote waliolewa mbali, lakini siku ya Idi hakuna aliyebaki kwa mumewe. Walikwenda wote kwa mama, na sisi waume tulifuata kama mizigo. Walipika wali kwa nazi na kamba wa mikokoni, walicheka kutoka alfajiri, na mama yao alikaa mkekani akihesabu wajukuu kwa macho.

Kisha zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Kijiji chao kilihamishwa kikapelekwa juu, karibu na barabara, na msikiti wao wa mawe ukabaki peke yake kule chini. Nisije nikafahamika vibaya: huko juu walipata shule, na zahanati, na baadaye nilikwenda mwenyewe kufunga bomba lao. Lakini Idi ya mwaka ule wa kuhama iliwakuta hawana hata ukuta wa kuelekea kibla. Waliswali chini ya mikorosho michanga, wengine juu ya majani. Baada ya swala wanawake walikuwa wanalia, na mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kusoma zaidi ya juzuu Amma, akawaambia wanyamaze, kwa kuwa msikiti umekuja nao. Msikiti ni watu, akasema, na watu hawa hapa.

Mke wangu alilichukua neno lile akakaa nalo. Kwa hiyo aliponiuliza ataiswali Idi na nani, hakuwa akiuliza habari za majengo.

Tukaondoka. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Sitaeleza ndege, wengi wameshapanda. Tulifika Helsinki siku chache kabla ya mwezi kuandama, tukapokewa na mhandisi na mkewe kama ndugu waliopotea, na Ramadhani ikaingia.

Mhandisi aliposikia kwamba tutafunga alinionyesha saa yake, kisha akanionyesha jua. Kule majira ya joto jua haliijui kazi yake ya kuzama. Linazunguka linazunguka, unaona limekaribia miti, ukitazama tena bado liko pale pale. Watoto wanacheza mpira nje wakati ambao kwetu isha imeshaswaliwa zamani. Akaniuliza kama hakuna ruhusa ya msafiri. Nikamwambia ipo, na ni rehema kubwa, lakini kwa madhehebu yetu aliyenuia kukaa mahali zaidi ya siku nne ameshakuwa mkaazi. Akafikiri sana, kisha akasema basi nimwambie yeye kwamba nia yangu ni siku tatu tatu. Nilicheka, nikamweleza kwamba nia haiambiwi mwenye nyumba.

Tulifunga. Hakukuwa na joto, na asiyetoka jasho kiu haimpati sana. Mimi mchana nilikuwa kiwandani, mikono imejaa grisi, akili imejaa vali na mihimili, siku zikapita. Aliyeteseka ni mwenzangu, na si kwa njaa. Alikaa dirishani. Mke wa mhandisi alimpa sweta nzuri ya sufu, akamfundisha kufuma kwa sindano zao mbili, wakacheka kidogo kwa ishara, lakini jioni niliporudi nilimkuta dirishani tena. Hakuna adhana, alisema. Anasubiri adhana, na anajua hakuna, lakini masikio yake hayataki kuelewa.

Siku za mapumziko mhandisi alitutembeza kama alivyoahidi. Kwanza alitupeleka kwenye kanisa lao kubwa, jeupe pee, limekaa juu ya ngazi nyingi kama limewekwa mezani. Mimi nilipanda, nikaona uwanja wote na bahari nyuma yake, nikamsifu Mola aliyewapa watu akili ya kujenga. Mke wangu alikaa ngazi ya chini akatazama njiwa. Tulipoteremka mhandisi alimwuliza ameuonaje mji. Akasema ni mzuri, mwanangu, kwa sauti ya mtu anayejibu hodi akiwa kitandani. Tukaonyeshwa jumba la Rais, liko barabarani tu, karibu na soko, unaweza kuligusa. Akasema ni zuri. Tukaonyeshwa kanisa jingine lililochimbwa ndani ya mwamba. Zuri. Mhandisi akaanza kufadhaika. Jioni alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama anaumwa.

Nikamweleza habari za Idi. Akakunja nyusi zile nyeupe. Alisema amezaliwa mji huu, amesoma hapa, ameoa hapa, na hajapata kuona Mwislamu hapa isipokuwa sisi. Lakini atauliza. Aliuliza kazini, aliuliza kwa jirani, na kila siku alirudi na jibu lile lile, na mimi kila siku sikujua nimtazame vipi mke wangu. Swala ya Idi mtu akikosa watu wa kuswali nao anaweza kuiswali nyumbani, peke yake au na mkewe, hilo nililijua na nilimwambia. Alinitazama kwa upole.

"Maalimu," akasema. Aliniita hivyo akitaka kunikumbusha kwamba elimu ina mipaka. "Sikukuuliza kama inaswihi. Nilikuuliza na nani."

Sasa nije kwenye vitambaa.

Siku ile ile ya kwanza ya matembezi, tukiwa kwenye treni la barabarani, mke wangu alinikanyaga mguu. Mbele yetu walikuwa wamekaa akina bibi wawili wa Kizungu, na wote wamefunga vitambaa vya kichwa, vimefungwa vizuri chini ya kidevu, nywele hazionekani. Akaniambia kwa Kiswahili cha haraka kwamba Waislamu tunaowatafuta si ndio hawa? Kabla sijajibu alikuwa ameshainama mbele na kuwapa salamu kamili, asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wale bibi wakatazamana. Mmoja akajibu kitu kwa lugha yake, akafungua mkoba akampa peremende.

Mhandisi alimweleza kwa adabu kwamba wanawake wazee wa kwao, hasa waliotoka mashamba, huvaa vitambaa kwa ajili ya upepo, na kwa mazoea tu. Hawa ni Wakristo, mama. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho na kumshukuru. Kesho yake alimsalimia mwingine. Kila mwanamke mwenye kitambaa aliyekutana naye, dukani, bustanini, kwenye ngazi za nyumba, alipata salamu yake, na kila mmoja alishangaa, wengine wakatabasamu, mmoja akavuka barabara. Mimi nilianza kuona haya. Nikamwambia, tena kwa hoja za kitabu, kwamba salamu hii ni ya Waislamu kwa Waislamu, na kuimwaga ovyo kwa wasio wenyewe wanachuoni wameichukia.

"Na nitajuaje kama si Mwislamu," akaniuliza, "kabla sijamsalimia?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyosoma Mikindani.

Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Kiwandani nilikuwa nimemaliza, na mhandisi akasema leo tutakwenda soko la bandarini, labda samaki watamfurahisha mama. Kweli alifurahi kidogo. Soko lao liko ukingoni kabisa mwa maji, wanauza viazi, matunda madogo ya porini yenye rangi kama wino, na samaki. Mke wangu alikwenda moja kwa moja kwenye samaki, akamwinua mmoja, akafunua matamvua kutazama wekundu, kama anavyofanya kila mwanamke wa Mtwara anayejiheshimu. Mwuzaji akapiga kelele. Mhandisi akaingilia kati, akaeleza, mwuzaji akacheka, na mwisho yeye mwenyewe akawa anamfunulia matamvua ya kila samaki ili athibitishe kwamba hauzi waliolala.

Mimi na mhandisi tulisogea kwenye viazi. Nilikuwa nimempa kisogo mke wangu niliposikia anasalimia tena. Nikafumba macho. Mbele yake kwenye foleni ya samaki alikuwa amesimama bibi mfupi, mnene kidogo, mwenye kitambaa cha maua kilichofungwa nyuma ya shingo, na mke wangu alikuwa ameusalimia mgongo wake.

Yule bibi hakugeuka mara moja. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji ambao hana ndugu. Kisha akageuka, samaki mkononi amefungwa gazeti, akamtazama mke wangu kutoka kichwani mpaka miguuni, buibui lake, sweta ya mke wa mhandisi juu yake, uso wake mweusi. Akajibu polepole, kila neno mahali pake: wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Wakashikana mikono. Mke wangu hajui Kifini, bibi hajui Kiswahili, wakabaki wameshikana, watu wa foleni wanawazunguka. Ndipo mke wangu akafanya jambo ambalo mimi, ninayehesabiwa kuwa mwalimu, nisingelifikiria. Akasoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Alhamdulillahi rabbil alamin." Na yule bibi akaendelea, "Arrahmanir rahim." Mke wangu akashika aya inayofuata, na bibi inayofuata, wakapokezana hivyo mpaka amin, mbele ya meza ya samaki, na mwuzaji akiwa amevua kofia yake. Sijui yeye alidhani ni nini. Nilikuwa nimeshika mfuko wa viazi, na sikuona viazi tena kwa sababu ya machozi.

Mhandisi alikwenda akazungumza naye kwa Kifini, akawa anatutafsiria, na uso wake ulikuwa ukibadilika kila baada ya sentensi. Bibi ni Mtatari. Babu yake alikuja kutoka Urusi, mto Volga, akiuza vitambaa na manyoya, yeye na jamaa zake, wakabaki. Si wengi, lakini wapo, na wana mahali pa kuswali, ghorofani katika jengo ambalo chini yake ni maduka. Akataja barabara. Mhandisi akamwomba airudie.

"Fundi," akaniambia baadaye, "mimi napita pale kila siku. Kila siku nikienda kazini. Sikuinua macho."

Nilimwambia asijilaumu. Sisi sote tuna milango tunayoipita.

Bibi akauliza tumetoka wapi. Akaambiwa Tanzania, Afrika. Akafikiri, kisha akauliza kwa mashaka, na kwa heshima, kama huko kuna Waislamu. Mhandisi alipoleta swali hilo kwa Kiswahili chake, mke wangu alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu uwanja wa ndege wa Mtwara. Akasema, "Mwambie na sisi tumekuwa tukiuliza hivyo hivyo juu yao mwezi mzima."

Idi kwao wanaiita bairamu. Itakuwa kesho kutwa asubuhi, alisema bibi, na atatungoja mlangoni maana wageni hupotea. Hesabu yao na yetu zilikutana, tulikuwa tunatimiza thelathini. Sikupata mwezi wa kuutazama, mbingu ilikuwa imefunga, lakini mwenye kutimiza thelathini hana deni na mbingu.

Asubuhi hiyo nilivaa kanzu na kofia, juu yake koti la mhandisi lililonifika magotini, na mke wangu alijitia uturi kidogo aliokuja nao tangu nyumbani akisema ni wa Idi tu. Mhandisi alituendesha mwenyewe. Bibi alikuwa mlangoni kweli, amevaa kitambaa cheupe. Tukapanda kwa lifti, jambo ambalo mke wangu alilikataa mwanzoni, akisema hajapata kuona mtu anakwenda msikitini ndani ya kabati, lakini akapanda. Juu mlango ukafunguka, na chini ya mlango ule palikuwa na viatu. Viatu vingi, vikubwa na vidogo, vimepangwa vibaya kama viatu vinavyopangwa Mikindani, na Mtwara, na kule juu kwa mama mkwe. Mke wangu alisimama akavitazama. Kisha akavua vyake akaviweka katikati ya vile vingine, si pembeni, akaingia upande wa wanawake bila kuniangalia.

Walikuwa wazee wengi na vijana wachache, wenye kofia nyeusi, nyuso kama za Wachina kidogo na kama za Wazungu kidogo. Walinipisha nikakaa safu ya mbele. Takbira yao ni fupi na ya chini, haina ule mvuto mrefu wa kwetu, lakini maneno ni yale yale, na nilipopotea kwenye sauti nilishika maneno. Hotuba sikuifahamu ila aya zake, na kila aya iliyopita ilikuwa kama mtu wa nyumbani anayepita dirishani akanipungia mkono. Baada ya swala mzee mmoja alinishika bega, akaonyesha kidole kwangu na kwenye midomo yake. Alitaka nilete takbira ya kwetu. Nikaileta, kama tunavyoileta tukitoka mitaani Rahaleo asubuhi ya Idi, na wazee wale wakaipokea kwa sauti zao, vibaya kidogo, kwa furaha sana. Kutoka nyuma ya pazia nilisikia sauti ya mwanamke mmoja akiipokea sawasawa.

Nilisubiri sana pale ukumbini. Nilikunywa chai, nikala maandazi yao yenye nyama ndani, nikakumbatiwa na watu wote. Mke wangu haonekani. Hofu yangu ya mwezi mzima ilinirudia, nikawaza kwamba huenda ameswali lakini ameona upweke ule ule, wanawake wa lugha nyingine, vyakula vingine, na kwamba sasa analia mahali. Mwisho pazia likafunguliwa. Sikumwona mwanzoni kwa kuwa alikuwa katikati yao. Wameshikana mikono, wengine wazee kuliko mama yake, mmoja amembebesha mtoto mchanga mgongoni na mke wangu amemfunga mtoto huyo kwa khanga, anawafundisha fundo, na wote wanacheka. Kichwani alikuwa na kitambaa cheupe kama chao. Khanga yake nyingine ilikuwa kichwani mwa yule bibi wa samaki.

Alimrudisha mtoto kwa mamaye, akaagana nao mmoja mmoja, ikachukua muda. Tulipofika chini mhandisi alikuwa bado anatungoja ndani ya gari, na mkewe amekuja na kikapu. Mke wangu akaingia, akakaa, akaweka mikono yake magotini.

"Haya, mwanangu," akamwambia mhandisi. "Sasa nionyesheni huo mji wenu."

Mhandisi akaniangalia mimi. Nikamwambia awashe gari, na kwamba kwetu siku ya Idi ni sunna kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, kwa hiyo asiturudishe tulikopita. Akasema njia nyingine anazo nyingi. Tukapita mitaa ambayo hatukuwahi kuiona, na mke wangu akauliza kila kitu. Yule mtu wa shaba aliyepanda farasi ni nani, na kwa nini hateremki. Kwa nini nyumba hizi ni za rangi ya njano. Wanakausha wapi nguo zao. Akataka kurudi kwenye kanisa jeupe, akazipanda ngazi zote, akasimama juu, akasema kumbe kutoka hapa bahari inaonekana. Mhandisi alikuwa akieleza mpaka sauti ikamkauka, na "bahali" yake na "balabala" yake, na sijapata kumwona mtu akiwa na fahari ya mji wake kama alivyokuwa siku hiyo.

Mchana tulipanda meli ndogo tukavuka kwenda kwenye kisiwa chenye ngome ya zamani, ambayo sasa ni mahali pa watu kupumzika. Mke wa mhandisi alitandika kitambaa kwenye majani, akafungua kikapu, mikate, samaki wa kukaushwa kwa moshi, yale matunda ya porini. Akakaa, akatuangalia, hakugusa. Akamwambia mumewe kitu. Mhandisi alitueleza kwamba tangu mwezi ulipoanza mkewe hajala mchana mbele yetu hata siku moja. Alikuwa akila jikoni akiwa amesimama, mlango umefungwa, kwa kuwaonea haya wageni wake. Sasa anauliza kama leo anaruhusiwa. Hatukuwa tumejua. Tulikaa nyumba moja naye siku zote zile, na hatukujua kwamba na yeye alikuwa na mfungo wake.

Mke wangu alimega mkate, akaweka juu yake kipande kikubwa cha samaki, akautoa mfupa kwa vidole, akampa mkononi. Tukala sote.

Baadaye akajinyoosha pale pale kwenye majani, akajifunika buibui usoni kwa ajili ya jua, akalala. Alikuwa hajalala vizuri tangu tulipofika. Nikamwangalia pumzi yake inavyokwenda, nikamshukuru Mola kwa yote aliyonipa, kwa maji na kwa watu, na kwa kunikubalia ahadi ambayo niliitoa nikiwa sina hata njia ya kuitimiza. Meli ikapiga honi ya kurudi mjini, watu wakaanza kukusanya vitu vyao wakiteremka kwenye gati. Mhandisi akanyanyuka nusu, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi.

Akakaa tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba meli ziko nyingi.